Pasi Isiyomwaga Majivu

Ta Rugaibula alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri kijijini kwetu Muleba, na kwa maoni yangu alimpenda Mungu kidogo kuliko alivyoipenda kanzu yake. Nasema hivyo bila kuona haya. Mimi Benigna ni Mkatoliki. Sisi tulikuwa tunakwenda misa na mikunjo yetu, na Mungu alitutambua hivyo hivyo. Lakini kanzu ya Rugaibula ikiwa na mkunjo hata mgongoni, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuuona, ilibidi mtu alie nyumbani kwake siku hiyo.

Wa kulia walikuwa wakamwana wake. Mkubwa alikuwa Joviana, jirani yangu, aliyeolewa kutoka Izimbya na Mushumbusi, mtoto wa kwanza wa mzee. Mushumbusi alikufa kwa homa, akazikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, akamwachia Joviana mtoto mmoja tu, tena wa kike, Kokushubila. Mdogo alikuwa Ephrasia, mke wa Kagaruki, mtoto wa pili, ambaye baada ya msiba ule ndiye aliyekuwa anasubiri kurithi.

Kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume hana la kushikilia. Kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba yake, ni cha ukoo na mtoto ni wa ukoo. Yeye alikuja, na aliyekuja anaweza kurudi. Ukoo ukikaa ukasema arudi kwao, anarudi na kitenge chake, na mtoto anabaki. Joviana alilijua hilo tangu siku ya matanga. Migomba hakuitaka, nyumba hakuitaka. Alimtaka Kokushubila, basi, na kila alipomwona amelala salama alishukuru na papo hapo akaanza kuogopa kesho.

Na kilichomweka pale, nasema mbele ya yeyote, ilikuwa pasi mbovu.

Ilikuwa pasi ya mkaa, ya zamani sana, tuliyoiita Kichaa. Kitasa chake kilishakatika, mfuniko umefungwa kwa waya. Bawaba ilikuwa imelegea kama jino la mzee. Upande wa nyuma kutu ilikuwa imekula tundu, na kwenye tundu hilo Kichaa alimwaga majivu, na akiamua, kaa zima la moto, juu ya nguo nyeupe. Kuitumia ilibidi uilaze kidogo kushoto, usiirudishe nyuma kamwe, na makaa uyapange upande wa mbele tu. Joviana alijifunza hayo kwa kuungua. Mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu kuanzia kifundo mpaka kiwikoni. Lakini kanzu aliyoipiga yeye ilitoka nyeupe, wanga wa muhogo umekaa sawasawa, mstari wa mkono umenyooka mpaka unaogopa kuushika.

Ephrasia alijaribu mara moja tu, mkesha wa Krismasi, Joviana akiwa mgonjwa. Kaa lilidondoka kifuani pa kanzu likaacha tundu la kupitisha kidole. Mzee hakumpiga. Hakuwa mtu wa kupiga, huyo. Aliichukua ile kanzu akaitundika kwa mikono yake mwenyewe mlangoni kwa Ephrasia, akasema ikae pale mpaka Pasaka, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa kwa sauti ya upole, "Ni kazi ya mkamwana wangu." Watu walicheka. Joviana naye alicheka, hilo silifichi. Na Ephrasia alipomfuata baadaye, amejishusha, akimwomba amfundishe namna ya kuishika ile pasi, alimjibu, "Haifundishiki." Joviana hakuwa malaika. Lakini nani angekuwa malaika mahali pale?

Kwa hiyo kila Kagaruki alipomkumbusha baba yake kwamba ukoo haujakaa kuzungumza habari za mjane, mzee alimwuliza, "Na kanzu yangu ataipiga nani? Mke wako?" Joviana akabaki, na maisha yakaendelea.

Basi ulikuja mwaka ule bei ya kahawa ilipopanda, wakati wa Mwingereza bado. Wazee wa kanisa waliitwa mkutanoni Bukoba. Rugaibula alilala katika nyumba ya wageni ya misheni, na asubuhi mama mmoja wa Kizungu akamnyooshea koti lake kwa pasi ya umeme inayotoa mvuke. Mbele ya macho yake! Alirudi amerogwa kabisa. Mkutano ulizungumza nini, hakuna aliyewahi kusikia.

"Inapumua," alituambia. "Haina moshi, haina majivu. Inapumua tu, fuu, na nguo inanyooka yenyewe."

Alihubiri pasi ile mpaka tukachoka. Kisha akamwita Joviana, akampa pesa za kahawa zilizofungwa kwenye leso.

"Ma Joviana, nenda Bukoba ukaniletee pasi ya mvuke. Wewe ndiye unayezijua pasi. Nataka ya kutegemewa, si kitu cha kunitia aibu. Ukileta mbovu, utanieleza."

Joviana alipiga magoti akaipokea kwa mikono miwili. Jioni ile alikuja kwangu kuniomba nimsindikize, kwa kuwa dada yangu alikuwa amepanga chumba Kashai na tungepata pa kulala. Uso wake ulikuwa unang'aa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu mumewe azikwe.

"Amenituma mimi, Ma Benigna. Hakumtuma Kagaruki. Amenituma mimi."

"Punda naye hutumwa," nilimwambia, lakini hakunisikia.

Tulipanda lori la kahawa, tukaketi juu ya magunia, vumbi likatupaka mpaka kope. Njia nzima alikuwa anaongea habari za pasi. Mimi nilikuwa nafikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kuogopa, maana niliona tunakokwenda, na sisemi Bukoba.

Duka tuliloingia lilikuwa la Muhidini, Mhaya mwenzetu wa mjini, Mwislamu, mtu wa maneno mengi na mizani iliyonyooka. Tulipotaja pasi ya mvuke alitoa sanduku chini ya meza, akafungua karatasi moja, akafungua ya pili, akaiweka mbele yetu. Nikubali tu: ilikuwa nzuri. Iling'aa kama sufuria mpya, na nyuma yake ulining'inia mkia mrefu mweusi.

"Maji unatia hapa," Muhidini alisema. "Mvuke unatokea hapa chini. Huu waya unachomeka."

"Unachomeka wapi?" Joviana aliuliza.

"Kwenye umeme, mama. Kwani Muleba hamna umeme?"

"Tuna radi," nilimjibu.

Muhidini alicheka mpaka akashika meza. Alitueleza kwamba hata pale mjini ni nyumba chache zenye umeme, za Wazungu na za Wahindi wakubwa, na kwamba pasi ile imekaa dukani tangu mvua za mwaka jana. Bila umeme, alisema, ni chuma cha kuzuia mlango.

Joviana aliisukuma ile pasi pembeni. Hapo ndipo nilipomshika mkono nikamvuta mpaka kwenye madebe ya mafuta ya taa.

"Inunue," nilimwambia.

"Inunue ya nini? Haitafanya kazi."

"Ndiyo maana. Kasema mvuke, mpelekee mvuke. Ataiweka sebuleni, ataifunika kitambaa, atawaonyesha wageni. Na wewe utaendelea na Kichaa wako."

"Nimdanganye mzee, Ma Benigna?"

"Humdanganyi. Umetumwa, umetii. Joviana, nisikilize vizuri. Unadhani mzee yule anakuweka kwa huruma? Anayekuweka pale ni Kichaa. Siku ikiingia pasi ambayo kila mtu anaweza kuishika, wewe watakuhitaji kwa lipi?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akakunja mkono wa gauni lake akanionyesha makovu, yote, mpaka lile jipya lililokuwa bado lina majimaji.

"Mimi nimechoka kuungua," alisema. "Na nikimpelekea kitu kisichofanya kazi, atasema hata pasi nimeshindwa kuchagua. Nikimpelekea ya kudumu, ataona na mimi ni mtu wa kudumu. Mtu hafukuzi anayemfaa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Ningemzaba kofi palepale, na mpaka leo najuta kwamba sikumzaba.

Alirudi kwa Muhidini akaomba pasi za mkaa, zote alizo nazo. Muhidini alizipanga. Na hapo, hata na hasira zangu, nilifurahi kumtazama, kwa sababu Joviana alichagua pasi kama mama mkwe anavyochagua mke wa mwanawe. Kwanza alifunua mfuniko wa kila moja akautikisa. Uliolia, aliurudisha. Kisha alifunga, akainua pasi kuelekea mlangoni, akachungulia kama mwanga unapita mahali mfuniko unapokutana na tumbo. Iliyopitisha mwanga, aliirudisha. Alipitisha upindo wa kanga yake chini ya pasi polepole, na iliyokamata uzi hata mmoja aliirudisha. Alitazama matundu ya hewa yamekaa juu au chini, maana yakikaa chini majivu hutoka nayo. Alishika mpini akakunja ngumi, kuona kama vidole vinagusa chuma.

Ilibaki moja, nzito, yenye jogoo mdogo wa shaba kwenye kitasa. Muhidini alidhani yameisha.

"Niazime makaa," Joviana alimwambia.

"Makaa?"

"Ya jiko lako la chai. Na shati lako moja."

Muhidini alilalamika, akamwita Mtume, lakini alitoa vyote. Joviana alitia makaa, akapepea, akasubiri, akaigeuza huku na huku juu ya shati kwa makusudi, akairudisha nyuma kwa nguvu, akaitikisa. Shati lilikuwa jeupe. Halikupata hata chembe. Alirudia tena, na mara hii aliinyanyua akaigonga mezani, puu. Hakuna kilichotoka.

"Mama, uje uniuzie dukani," Muhidini alisema.

Joviana alicheka. Alikuwa na meno mazuri, na watu wengi hawakujua, kwa sababu pale kwa mkwewe hakuyaonyesha. Alilipa, akaifunga pasi ndani ya kanga yake, na njia nzima ya kurudi aliipakata mapajani.

Tulimkuta mzee ameketi nje, mbele ya nyumba, na Kagaruki na wazee wenzake wa kanisa. Ephrasia alikuwa anafagia. Joviana alipiga magoti akafungua kanga. Mzee aliitazama pasi.

"Nilikutuma pasi ya mvuke," alisema kwa ile sauti yake laini. "Umeniletea jogoo."

Walicheka wote. Kagaruki alicheka zaidi, na Ephrasia akaacha kufagia ili asikie vizuri. Joviana hakuinuka magotini. Alieleza habari za umeme, akaeleza habari za waya, mzee akawa anatikisa kichwa pole pole kama anayemsikiliza mtoto mwongo. Mwishowe aliomba ruhusa aonyeshe. Alileta makaa, akatandika blanketi juu ya meza, akaleta kanzu, akainyunyizia maji kwa vidole, akabonyeza. Mvuke ukapanda, mweupe, mwingi, mpaka ukamfunika uso.

"Mvuke unatoka kwenye nguo, Tata, hautoki kwenye chuma," alisema. "Mzungu anatia maji ndani, mimi nanyunyizia juu. Mvuke ni ule ule."

"Na majivu?" mzee aliuliza.

Hapo ndipo Joviana alipojimaliza. Angeweza kuendelea kupiga mwenyewe, wangeona, yangeisha. Lakini alikuwa na hofu, na alikuwa na fahari na chaguo lake, na vitu hivyo viwili vikikutana mtu hawezi kunyamaza. Aligeuka akaita, "Kokushubila! Njoo, mama."

Mtoto alikuja mbio. Kichaa hakuwahi kumgusa; mama yake alimkataza hata kukaa karibu. Sasa mama yake alimweka kigoda asimame juu yake, akamshikisha mpini, akaondoa mikono yake.

"Piga."

Mtoto alipiga. Alipeleka mbele, akarudisha nyuma, akapindisha kulia, akapindisha kushoto, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kwa bidii. Alipiga mkono mzima wa kanzu. Ulinyooka. Hapakuwa na doa.

"Unaona, Tata?" Joviana alisema, na alikuwa anatabasamu, masikini. "Hata mtoto anaweza."

Nilikuwa nimesimama kwenye ua na mzigo wangu wa safari, na nilitamani ardhi ifunguke immeze yeye au inimeze mimi. Ephrasia aliinua kichwa. Kagaruki alimtazama baba yake. Na mzee alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaitazama pasi, halafu akatabasamu. Sijapata kuona tabasamu linalotisha kama lile.

"Umechagua vizuri," alimwambia. "Umechagua vizuri sana."

Usiku ule Joviana alilala kwa amani. Alinieleza mwenyewe.

Jumapili mzee aliingia kanisani na kanzu iliyopigwa na mjukuu wake, na alitembea katikati ya viti polepole kuliko siku zote ili itazamwe. Kokushubila alianza kuitwa "fundi wangu". Alipewa mnofu wa nyama siku ya mgeni, alikalishwa karibu na babu. Alipiga kila kitu: kanzu, mashuka, vitambaa vya meza, hata majani ya mgomba angeyapiga kama wangemruhusu. Na Ephrasia alipomwomba amwonyeshe namna ya kuishika pasi, mtoto alimwonyesha kwa furaha, mara moja, na mara moja ilitosha. Kichaa alitupwa kwenye shimo la taka chini ya migomba. Kuku walitaga humo.

Siwezi kueleza jinsi nilivyomchukia mzee yule siku zile, kwa sababu hakuna alichofanya. Alikuwa mwema. Alimwita Joviana "mwanangu". Aliuliza habari za kaka zake wa Izimbya, kama wazima, kama nyumba yao ina nafasi. Joviana alizijibu salamu hizo kwa shukrani, akaniambia, "Unaona? Sasa anawauliza hata ndugu zangu." Nilimwambia, "Naona." Ningemwambia nini tena?

Jumamosi iliyofuata ukoo ulikaa. Walikuja wazee na fimbo zao, wakaingia ndani, mlango ukarudishwa. Wanawake tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Joviana alikuwa anamenya upesi upesi kama kawaida yake, ganda linaanguka juu ya ganda.

"Wanazungumza habari za mpaka wa shamba," aliniambia bila kuulizwa.

"Inawezekana," nilisema.

Nilitumwa kupeleka maji ya kunawa. Nilipoingia hawakunyamaza. Jirani tena mwanamke, nani anyamaze kwa ajili yake? Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amenyooka, mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na alikuwa anasema.

"Mjane bado kijana. Ana ndugu zake Izimbya. Tukimng'ang'ania hapa tutakuwa tumemfunga, na kumfunga mtu ni dhambi. Tumwache aende akaanze maisha. Mtoto ni wa kwetu, atabaki kwetu."

"Na kanzu yako, mzee?" mmoja wao alimtania. "Si ulikuwa unalia kanzu?"

"Mtoto anapiga vizuri kuliko mama yake," Rugaibula alijibu, na wakacheka, na yeye akanyoosha mikono kwangu nimmwagie maji.

Nilimmwagia. Nilikuwa na birika zima mkononi na kichwa chake kilikuwa chini yangu, na nilimmwagia kwenye vidole tu, taratibu, nisilowanishe mkono wa kanzu. Fadhila za punda ni mateke, tunasema, lakini punda angalau hupiga teke kwa hasira. Hawa hawakuwa na hasira hata kidogo. Nilimnawisha wa pili, nikamnawisha wa tatu, nikatoka.

Jikoni sikuweza kumtazama. Nilichukua kisu nikashika ndizi, nikaikata badala ya kuimenya. Joviana alianza kuniuliza kitu, lakini Ephrasia aliingia. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. Alikuja moja kwa moja mbele ya Joviana, akainama, akamtoa kisu mkononi, taratibu, kama unavyomtoa mtoto kitu chenye ncha.

"Acha, Ma Joviana. Leo usimenye. Kaa tu."

"Kwa nini nikae? Bado chane nzima."

"Nitamenya mimi. Wewe pumzika, safari ya Izimbya si fupi."

Alimtandikia mkeka karibu na mlango, mahali pa wageni. Alimshika bega akamkalisha. Alipoinuka alisema kwa sauti ya chini ambayo mimi pia niliisikia, "Kanzu ilitundikwa kwangu mpaka Pasaka, nawe ulicheka." Hakusema kwa kisirani. Alisema kama anayemjulisha bei ya chumvi, halafu akachuchumaa akaanza kumenya.

Joviana hakulia. Aliniangalia mimi, na nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Midomo yake ilitamka jina la mtoto bila sauti.

"Anabaki," nilisema. Ilibidi mtu aseme, na waliomo ndani walikuwa wanasubiri chakula.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mgeni akifika nyumbani kwa Mhaya, kabla hajaulizwa habari, hutengewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa, kwenye kikapu kidogo kilichofumwa vizuri. Ni heshima. Asiyetengewa amedharauliwa. Lakini wa nyumbani hatengewi hata siku moja. Wa nyumbani huchota mwenyewe mahali zinapowekwa, akila, asipokula, hakuna anayejali. Joviana alikuwa amewatengea watu kahawa katika nyumba ile tangu alipoolewa. Hakuna aliyewahi kumtengea yeye.

Tulisikia miguu ya mtoto uani. Kokushubila aliingia amevaa gauni lake la kanisani, amelipiga pasi mwenyewe, marinda yamesimama kila moja mahali pake. Alikuwa ameshika kile kikapu kwa mikono miwili. Alitembea kwa uangalifu, akaenda mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya mama yake kama alivyofundishwa kuwapigia wageni, na mama yake ndiye aliyemfundisha.

"Karibu kahawa, mama," alisema. "Babu ameniambia nikuletee wewe kwanza, kabla ya watu wote."

Alikuwa anang'aa kwa furaha. Alidhani mama yake amepandishwa cheo.

Ephrasia aliacha kumenya. Mimi nilishika mdomo wangu kwa kiganja. Joviana alikitazama kikapu muda mrefu, na nilidhani atakipiga teke, na ningefurahi akikipiga teke, ningemsaidia. Lakini akikataa kahawa, atakuwa amemkataa aliyeileta, na aliyeileta alikuwa amepiga magoti pale na gauni lake lisilo na mkunjo. Alinyoosha ule mkono wa makovu. Alichukua punje moja, akaiweka mdomoni, akaitafuna.

"Asante, mama," alimwambia mwanawe.

"Ni tamu?"

"Ni tamu sana."

"Nimekuchagulia mimi zile kubwa." Mtoto aliinuka, akatikisa vumbi magotini, akakumbuka kitu. "Mama, nitarudi. Nimeacha pasi ina moto, na babu anataka ile kanzu nyingine ya kesho."

Joviana alimnyooshea ukosi wa gauni, ingawa ulikuwa umenyooka.

"Basi nenda," alisema. "Isipoe."